Mwombaji, Mhitimu na Rupert

Nessa, weka chini hicho chakula usome.

Birika limejizima sasa hivi, tak, na mimi bado nimekaa hapa jikoni. Taa nilizima mwenyewe wakati wa mahojiano ya chuo, kamera isione chupi za huyu binti yangu Edie zilizoanikwa nyuma yangu.

Ile shahada ya uzamili ya hisabati ya fedha, ndiyo hiyo. Ile ambayo kwa ajili yake nimeshaaga kazi ya kupokea simu kwenye kliniki ya meno kule Croydon.

Aliyenihoji anaitwa Tristan, mpole kweli. Akasema karibu wahitimu wao wote wameajiriwa kwenye mambo ya fedha. Nikamuuliza, wewe ulisoma wapi?

"Hapa hapa, mwaka jana."

Na sasa unafanya kazi gani?

"Hii. Nazungumza na waombaji."

Nessa. Nikamuuliza, na wewe umehesabiwa humo? Akanywa maji kwanza.

"Kitakwimu, ndiyo."

Kitakwimu. Na wenzako je?

"Rupert yuko meza ya pembeni. Rupert, msalimie dada." Rupert akapunga mkono. Nyuma yake wakapunga wengine.

Kusoma bado nataka, na chuo kingine nitakitafuta. Sikukesha na masomo ya jioni ili nije kupungiwa mikono. Ila kazi ndiyo nimeshaiaga.

Mikono ikiwa bado inapungwa, Edie akaingia, akawasha taa, chupi zote hadharani. Akamtazama Tristan kwa huruma, akamwambia:

"Kazini kwa Mama wanatafuta mtu wa kupokea simu."