Mstari Mwekundu Chini ya Kava

Jumapili, 18 Mei. Manyunyu alfajiri, kisha jua. Viatu vyangu vina tope la Mzenga, nimeviacha nje ya mlango. Moyo mwepesi.

Nimeandika haya kwenye daftari langu kwanza, kama kawaida, ndipo nikayanakili hapa mtandaoni. Majina yote nimeyabadilisha.

Mimi ni mpokezi wa zahanati ndogo ya binafsi huku Pangani, Kibaha. Mgonjwa anafika dirishani na daftari lake, naandika tarehe, umri na uzito, naye anakwenda kwa tabibu. Huu ni mwaka wangu wa tisa. Utaratibu mmoja niliuanzisha mwenyewe: mgonjwa mwenye aleji ya dawa fulani, naiandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada la daftari lake, kona ya kulia. Wauguzi wameshazoea. Kabla ya kuchoma sindano wanaangalia kona ile.

Nina tabia nyingine. Sipendi daftari lililochakaa. Mtu akiniletea daftari lililoraruka, nalivalisha kava la karatasi ya kalenda iliyopita, upande mweupe ukiwa nje, na kuandika jina upya kwa mwandiko wa kutulia. Wazee hufurahi sana. Na mimi hufurahi.

Mwezi wa pili nilivalisha kava daftari la Bi Tatu.

Mstari mwekundu sikuuhamisha.

Bi Tatu ni bibi wa Mzenga. Akiumwa huja kukaa kwa mwanawe Shabani, fundi seremala wa hapa Pangani. Siku ile alikuja na kidonda cha mguu. Daktari akamwandikia sindano ya penisilini. Sista Neema, muuguzi wa sindano, akaangalia kona ya kulia, akakuta pako peupe kwa sababu ya usafi wangu. Hata hivyo alimuuliza, "Bibi, unapatana na sindano?" Bi Tatu akamjibu kwamba sindano anaiogopa lakini hawajawahi kugombana. Dakika chache baadaye uso ulivimba, na pumzi zikawa zinatoka kwa shida. Bahati daktari alikuwa chumba cha pili. Akamchoma dawa ya kumwokoa, gari likampeleka hospitali kubwa. Alilazwa wiki nzima, akapona, akarudishwa kwake Mzenga na daftari lake.

Jioni ya siku ile nilikuwa nakata vitunguu. Kisu kikasimama chenyewe. Nilikumbuka ile kalenda, na nikakumbuka nilichokifunika.

Nilinyamaza miezi mitatu.

Kulaumiwa alilaumiwa Neema. Alihamishiwa chumba cha vidonda na kukatazwa kushika sindano. Shabani alisema atakwenda mahakamani. Daktari Mbwana, mwenye zahanati, akatafuta wakili, na wakili akamwambia tusiende kumwona mgonjwa, tusimpigie simu, tusiandike kitu. Kwenda kumpa pole, alisema, kutahesabiwa ni kukiri kosa. Basi hatukwenda. Jirani yako akiteguka mguu tu unakwenda na kilo ya sukari. Sisi mtu alitaka kufia mikononi mwetu, tukakaa kimya kama hatumjui.

Baada ya hapo zahanati ikabadilika. Kila mgonjwa akawa anasaini fomu ya kurasa mbili ambayo hata mimi wa kidato cha nne naisoma mara mbili ndipo niielewe. Mtoto mwenye mafua akawa anapimwa vipimo vitatu, si kwa sababu daktari ana shaka, bali ili karatasi ziwepo siku ya kuulizwa. Sindano nyingi tukaacha kuchoma. Watu wakawa wanaandikiwa rufaa kwa ugonjwa tuliokuwa tunautibu wenyewe kwa miaka. Mimi nipo dirishani, nawaona. Mama anaangalia orodha ya vipimo, anamwangalia mtoto, anasema ngoja nikamuulize baba yake. Harudi. Shabani hajatushtaki bado, na gharama ya kesi imeshaanza kulipwa na mama huyo asiyeijua.

Siandiki haya kusema watu wasidai haki zao. Nikiwa mkweli, bila tishio la Shabani pengine ningeendelea kunyamaza.

Jumatano alikuja baba mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, mtoto wake ana jipu. Daktari Mbwana akamwandikia rufaa. Yule baba aliishika ile karatasi, akaigeuza nyuma na mbele. Akasema kwa upole, "Dokta, siku hizi unaniogopa mimi kuliko unavyoliogopa jipu la mwanangu."

 Daktari alisimama mlangoni akiwaangalia mpaka walipopanda bodaboda.

Alhamisi niliingia ofisini kwake kabla ya kufungua dirisha. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi ili nisiyakwepe. Nikasoma. Habari za kava, za kalenda, za mstari. Akaniuliza daftari lenyewe liko wapi. Nikamwambia liko Mzenga kwa Bi Tatu, na kwamba nadhani hakuna aliyelivua kava. Wote wawili tulijua maana yake. Wasipolivua, hakuna atakayejua.

"Na mimi ningefungua kurasa za nyuma ningeiona aleji yake," alisema mwishowe. "Nilikuwa na haraka. Jumapili twende."

Leo basi tumekwenda. Kibaha hadi Mlandizi lami, halafu barabara ya Mzenga, na mvua za masika bado hazijaisha vizuri. Mara mbili nilishuka kusukuma gari. Daktari alikuwa amempa Shabani taarifa, hivyo tulimkuta ametangulia, amekaa barazani na shati la kutokea. Bi Tatu alikuwa ameanika mpunga kwenye turubai, ana fimbo ya kufukuzia kuku.

"Shikamoo bibi," tulisema.

"Marahaba." Akatuangalia kutoka chini hadi juu. "Hawa si ndio wale wa sindano? Nilidhani mmehama mkoa."

Daktari akasema pole. Bi Tatu akahesabu kwa vidole miezi mitatu, akamwonyesha vile vidole. Kisha akamfukuza kuku mmoja.

Shabani akasema hata wakili wake alimkataza kutupokea leo. "Amesema mkija, mnakuja kunilainisha."

Nilimwomba Bi Tatu daftari lake. Alilitoa ndani ya mfuko wa rambo, safi kabisa, alivyolitunza. Niliona mwandiko wangu mzuri juu ya karatasi nyeupe na nikatamani usingekuwa mzuri hivyo. Nikalivua kava mbele yao wote. Chini yake, kona ya kulia, mstari ule, mwekundu kama nimeuandika jana: HAPATANI NA PENISILINI.

Nikasema, "Huu niliuandika mimi. Na niliyeufunika ni mimi. Sista aliangalia, hakuuona."

Shabani alilichukua daftari, akausoma mstari, akalivalisha kava tena, akalivua tena. Nilidhani atanipiga nalo. "Yule sista nimemsema kila mahali," alisema. "Msikitini, kazini, mpaka kwenye simu na ndugu zetu wa Chole." Akaliweka daftari mapajani. "Sasa nitaanza kumrudishia heshima yake wapi?"

"Utaanzia msikitini," mama yake akasema. "Huko ndiko ulikosema kwa sauti."

Kisha wakaongea, na haikuwa rahisi. Shabani hakutaka kulainishwa na hakulainika. Anataka barua iliyosainiwa iende kwa mganga mkuu wa wilaya, ieleze kilichotokea bila kuficha, naye abaki na nakala. Anataka ieleze na tulichobadilisha, ili zahanati nyingine zisome. Gharama za hospitali za wiki ile Daktari alizikubali kabla Shabani hajamaliza kuzitaja. Kwa barua alisita. Barua ni kukiri kwa maandishi, inaweza kumletea wakaguzi, inaweza kumfungia mlango kwa muda. Niliona jasho kwenye shingo yake. Akasema ataiandika, na kwamba itafika mezani kwa mganga mkuu kabla ya Ijumaa.

Shabani akasema akiiona nakala, mahakamani haendi. Asipoiona, anakwenda. Nilimpenda kwa hilo. Tulijua tunasimama wapi.

Bi Tatu yeye alikuwa na neno moja. "Sindano sichomwi tena, si na huyo sista wala na nyie. Lakini binti wa watu mrudishieni kazi yake." Tukala wali na kisamvu, akatufungia na mihogo ya kuondoka nayo. Nilipomshika mkono kuaga, aliniambia niache kupendezesha madaftari ya watu.

Njiani Daktari aliniambia kuanzia kesho chumba cha sindano kinafunguliwa, na vipimo vitakuwa vile tu anavyovihitaji kutibu. Fomu itabaki, ila atanipa niiandike upya, nusu ukurasa, kwa Kiswahili cha mtu anayeumwa. Bima ya makosa ya kitabibu ataiulizia tena. Na mimi nitapewa onyo la maandishi, liingie kwenye faili langu.

Ni onyo langu la kwanza maishani. Sijui kama ni sawa kulifurahia, lakini nimelifurahia.

Nimefungua kurasa za nyuma za daftari langu. Kila kava nililowahi kuvalisha nimeliandika humu, jina na tarehe, maana ndivyo nilivyo. Majina yapo thelathini na moja. Wote nitawapigia simu kuanzia kesho mchana, walete madaftari yao, na kila kava nitalivua mbele ya mwenyewe.

Karatasi zilizobaki za kalenda nimeshawashia jiko.

Limebaki jambo moja. Daktari alitaka kumpigia Neema tukiwa bado Mlandizi, ampe habari njema. Nilimwomba asimpigie. Miezi mitatu nimemwona akipita mbele ya dirisha langu na bakuli la pamba, ananisalimu, namwitikia. Hilo halisemwi kwa simu ya bosi.

Kesho anaingia saa moja na nusu. Nitamsubiri mlangoni, si dirishani.