Mama Kichwa Ngumu

3 Machi

Mwanangu mwalimu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila cherehani ndiyo inakohoa. Nimeanza ngumbaru ya Kiingereza jioni, darasa letu sisi watu wazima, na mazoezi nakuletea wewe usahihishe, kama tulivyoahidiana ulipoondoka kwenda kufanya kazi za ndani. Ajabu ya wenzetu hawa! Sisi wingi tunauweka kichwani mwa neno: mtu, watu. Wao wanabandika s mkiani, basi. Dress, dresses. Child, childs. Man, mans. Nimepata ngapi?

Mama yako

19 Machi

Mama kichwa ngumu,

Shikamoo. Mimi mzima. Childs! Ungekuwa karibu ningekufinya sikio. Ni children, na man ni men. Hayo hayana sheria, yanakaririwa tu. Andika kila moja mara tano, na usichungulie kwa jirani.

Mengine nayatoa humu ndani ninamofanya kazi: door, key, knife. Funguo zote anazo mwenye nyumba, hata wa chumba changu. Simu pia kaichukua. Barua ananipelekea posta yeye mwenyewe.

Mwanao, mwalimu mkali

8 Aprili

Mwanangu,

U mzima kweli? Doors, keys, knives. Haya, nimejibu. Sasa nijibu na wewe: kwa nini anakufungia? Roho yangu haijatulia hata kidogo.

Mama yako

30 Aprili

Mama mpendwa,

Habari za nyumbani? Mimi ni mzima wa afya na ninaifurahia kazi. Mazoezi yako yote ni sahihi, hongera. Mwenye nyumba ni mtu mwema. Si lazima uandike mara kwa mara.

Binti yako

12 Mei

Mwanangu,

Barua imefika. Shikamoo umeisahau, si neno. Nisahihishie haya: child, childs. Man, mans. Foot, foots.

Mama yako

2 Juni

Mama mpendwa,

Yote ni sahihi, hongera. Mimi ni mzima.

Binti yako

15 Juni

Wewe mwenye nyumba,

Sikusalimii. Maneno yale niliyaharibu makusudi. Mwanangu hajawahi kuniachia kosa likapita, hata siku nilipokuwa hoi kitandani.

Barua hii haikupita posta. Nimegonga, hufungui, nami nimeona pazia likitikisika. Kwa hiyo naipenyeza chini ya geti. Niko na askari wawili na darasa zima la ngumbaru.

Mpe mwanangu kalamu aniite kichwa ngumu. Nasubiri hapa nje.

Mama yake