Mafuta ya Transfoma Namba Nne

Mdogo wangu Cheche,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. U hali gani, na mama watoto hajambo? Vile vipele vya shingoni vimepungua, au bado unajikuna kama mbuzi mwenye kupe? Sisi huku ni wazima. Shemeji yako ni mzima kiasi cha kunigombeza tangu alfajiri, na goti langu la kushoto linakusalimu, ingawa lenyewe halijui kuandika.

Napenda kukuarifu kwamba kaka yako sasa ni mshauri mkuu wa taifa katika kazi ya kuondoa sumu. Wizara imeniita, imenivisha kofia, na nchi nzima hakuna transfoma inayoguswa kabla sijatoa neno.

Haya, acha kucheka. Kofia ni kweli, mengine ni chumvi. Walikuwa wanatafuta mtu anayejua koki za transfoma kuukuu za mtaa wetu ziko upande gani. Waliokuwa wakijua wote wamekufa, nikabaki mimi. Wakanipa kazi ya siku moja, kujaza vichupa. Nilimaliza darasa la nne, na la tano likanimaliza mimi, lakini koki naijua hata ukinifumba macho.

Nikueleze jambo lenyewe, maana redio inalisema kwa Kiswahili kilichovaa suti. Zile transfoma tulizofunga nilipokuwa bado na nywele, baadhi zilijazwa mafuta yenye sumu. Sumu yenyewe haina harufu wala rangi, na haiui papo hapo. Inapenya kwenye ngozi, inaweka makazi mwilini, inaligusa ini, na mama anampa mtoto kwa maziwa bila kujua. Taifa limetia sahihi mkataba kwamba zote ziondoke. Kila transfoma ichotwe mafuta kidogo, yapimwe. Iliyo safi inabandikwa stika ya kijani. Yenye sumu inabandikwa nyekundu, inang'olewa, inapelekwa kuteketezwa na wanaojua kazi hiyo.

Jambo zuri. Sasa sikia lilivyotendwa.

Kwanza tuliitwa semina. Ukumbi baridi kama chumba cha maiti, nje magari manne ya ofisi yanangoja. Akasimama mkuu wa kituo cha umeme, yule tunayemwita Bwana Tai kwa sababu hata akienda msalani havui tai, akatangaza kwamba tatizo kubwa ni wananchi kukosa elimu. Ati wanaiba mafuta ya transfoma, wanajichua nayo viungo, wanakaangia chakula. Cheche, nilitafuta kiti cha kumrushia, nikakuta nimekikalia. Wananchi gani? Miaka thelathini na moja nimefanya kazi pale. Nani alikuwa akimwaga mafuta machafu kwenye mtaro wa nyuma kila Ijumaa, kama si sisi, kwa amri ya ofisi? Nani alitugawia madumu twende nayo nyumbani, tukashukuru na kupiga makofi? Mafundi wa ile kampuni iliyoiuza transfoma namba nne walipokuja kuifunga walivaa glavu hadi viwikoni. Sisi mikono mitupu tukawacheka, tukawaita wakunga. Hakuna aliyetuambia wakunga wanaogopa nini. Karatasi za maelezo zilikuwepo, zikafungiwa kabatini. Leo mwenye ufunguo wa kabati ndiye anasema sisi hatuna elimu!

Ikafika siku ya kuchota. Mkemia ni binti mwembamba, ana akili mpaka zinamwagika. Huyo ndiye aliyepewa gari moja kwa mitaa mitatu. Yale manne yalikuwa yamepeleka wakubwa kwenye semina nyingine. Akaniachia vichupa sita na glavu asubuhi, akanisihi kila kichupa kichotwe kwenye transfoma yake na kiandikwe namba yake, naye angepitia jioni. Nikamwambia mwanangu, nenda zako, kazi umemkabidhi fundi. Nilikuwa na mzee mwenzangu wa kukata umeme, ambaye kazi yake ni kuzima laini na kumaliza chai ya watu.

Majibu yakatoka, zote sita safi. Stika za kijani zikabandikwa. Bwana Tai akapigwa picha akiipapasa nguzo ya namba nne kama ng'ombe wa maonyesho.

Wiki iliyofuata yule binti akaja hapa nyumbani. Akakaa kwenye kigoda, akamwambia shemeji yako chai ingoje kwanza. Akasema majibu ya vichupa sita yanafanana mpaka tarakimu ya mwisho, na hata watoto sita wa baba mmoja hawawi na chunusi moja mahali pamoja. Akaniuliza kwa adabu kama labda nilichanganya. Nikamkaripia kwamba nilianza kufungua koki yeye hajaota meno. Akainamisha kichwa, akasema samahani mzee. Samahani hiyo imenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Alipokwenda kwa Bwana Tai kuomba tupime upya, akajibiwa kwamba majibu mazuri hayachokonolewi, na wageni wa wizara wameshaonyeshwa.

Kisha ikaja barua yako. Unasema umesikia transfoma zetu zote ni safi, kwa hiyo moyo umetulia. Mashine yako ya kuchomelea umeiongezea mafuta ya lile dumu la pili nililokuletea, na yaliyobaki umempa jirani yako fundi baiskeli ajichue mgongo. Ukaandika kwamba mkono wa kaka yako una baraka. Niliposoma hapo niliikunja barua nikaenda kukaa chooni, mahali pekee ambapo shemeji yako hanifuati.

Sasa kaa chini, ndugu yangu.

Sikuchota transfoma sita. Nilichota moja, ile changa iliyofungwa juzi juzi, iliyo chini, nyuma ya ghala. Namba moja niliipandia vipandio vitatu vya ngazi, goti likagoma. Chini watu wa saluni na wa mashine ya kusaga wanapiga kelele warudishiwe umeme, wanauliza fundi gani huyu amening'inia kama suruali kwenye kamba. Nikaona haya. Ningekiri kwamba siwezi, angetafutwa mwingine, na mimi ningerudi kuwa mzee wa kigodani. Basi nikakaa juu ya ndoo nyuma ya ghala, nikajaza vyote sita kutoka pale pale, nikaviandika namba kwa mwandiko mzuri kuliko huu. Matusi niliyomtukana Bwana Tai ni haki yake, sifuti hata moja. Lakini stika ile ya kijani ni uongo wangu mimi.

Na mafuta yako, Cheche, yalitoka namba nne, mwaka ule tulipoifungua kuitengeneza. Madumu yote mawili niliyabeba kwa bega langu, nikakuletea kama zawadi ya kuanzia kazi. Ndiyo hayo hayo niliyompaka marehemu mama magotini miaka miwili, akiniombea maisha marefu. Sijui kama yalimdhuru. Sitajua kamwe, na hilo ndilo linaloniamsha. Sina kipimo mkononi, ila zile glavu za wakunga zinanitosha kuogopa.

Kwa hiyo zima mashine leo, kabla hujamaliza kusoma. Najua ni moja na ndiyo inayowalisha. Usiyamwage, usiyachome, usimpe mtu. Funika kila kitu, nawa kwa sabuni, matambara yote tia kwenye mfuko mmoja. Nenda ukalichukue dumu kwa fundi baiskeli, na umweleze mwenye kosa ni nani. Mkemia atakuja kuyapima na kuyachukua. Nilimuuliza kuhusu mashine nyingine badala ya hiyo, akasema fungu hakuna. Nikamwambia fungu lilikuwepo, ndizo kofia hizi tumelivaa kichwani.

Nilimwungamia huyo binti jana. Aliandika kila neno kwenye daftari lake, afadhali angenitukana. Kisha akasema Alhamisi ana mapumziko, atakuja na kipimo chake begini, nami nimchotee namba nne kwa kweli. Bwana Tai amekataa kutoa fundi. Mzee wa kukata umeme amekubali kuzima laini. Binti alitaka kupanda mwenyewe, nikakataa. Koki ile ni ngumu, iko upande wa nyuma, na asiyeijua mafuta yatammwagikia. Nitapanda mimi, kipandio kwa kipandio, hata ikinichukua kutwa. Saluni wapige kelele mpaka wapasuke.

Shemeji yako anakusalimu, hajui lolote bado, nitamwambia akishiba. Wape salamu watoto na mama yao. Matusi uliyo nayo juu yangu yaweke akiba, utayatoa tukionana.

Na tuonane Alhamisi. Ulipoezeka nyumba yako nilikushikia ngazi siku mbili juani, ukaapa utanilipa. Panda basi la kwanza, uje unishikie ngazi.

Ni mimi kaka yako,
Koleo