Kilichomo Ndani ya Kidonge cha Baba

Jumatatu, 4 Machi
Baba karudi kutoka hospitali na vyuma nyongani. Na wifi yangu kashateka dawa! Vidonge vya maumivu alivyoandikiwa na daktari kavitia kwenye mkoba wake, zipu juu. Eti vikali, mtu akivizoea haachi. Kasoma huduma ya kwanza wiki mbili, basi mimi mtoto wa kuzaa sijui kitu.

Jumatano, 6 Machi
Baba kalia leo. Baba! Fundi umeme mzima, kapigwa shoti mara tatu na bado anacheka. Nikamfuata wifi jikoni. Hata kisu hakuweka chini. Eti zimebaki saa mbili kidonge kingine kifike, nisimwongezee kitu chochote. Nikamwambia ana roho ya jiwe. Kaka yangu kasikia yote, kajifanya anatafuta chaja. Mume huyo!
Nikampa Baba parasetamoli zangu mbili. Za kawaida tu, hata watoto wanapewa. Kaniminya mkono — tusimwambie bosi wa mkoba.

Jumamosi, 9 Machi
Wifi akigeuza mgongo, mbili. Akitoka, mbili. Akae na mkoba wake!

Jumanne, 12 Machi
Baba hali chakula, anatapika. Wifi kaniuliza kama nimempa kitu. Nikamjibu, labda sumu zako. Nikamnyang'anya boksi la vidonge, nikatoa karatasi ya maelezo nimuumbue mbele ya kaka. Kila kidonge: kodeini, hiyo kali yenyewe, miligramu 30. Wanga, talki — vya kushikanisha unga tu. Na parasetamoli, miligramu 500.
Nikasoma tena. Mia tano.
Chini, herufi kama sisimizi: usitumie pamoja na dawa nyingine yenye parasetamoli. Huharibu ini.
Nikaikunja. Wifi kauliza kama nimeridhika.

Jumatano, 13 Machi
Macho ya Baba yamekuwa manjano. Naandika kwenye benchi la hospitali. Daktari kauliza nani anampa dawa. Wifi kasema yeye. Basi daktari kambana — ini limeumia, parasetamoli imezidi mno, umempa ngapi? Wifi anahesabu kwa vidole, anakosea, anaanza upya. Kaka anamtazama mkewe kama mwizi. Sura hiyo nimeiombea miaka!
Daktari anataka idadi kamili, sasa hivi, ili ajue pa kuanzia. Wifi kaja kukaa karibu yangu. Analia. Kanishika mkono wenye kalamu, anasema: Wifi yangu, wewe ulikuwepo, niambie nimekosea wapi.
Daktari kasimama mbele yetu, anasubiri. Mimi —