Punda Alivyonishinda Mtoni Thwake

Ndugu yangu Mutua,

Hamjaungua na jua huko Migwani? Mimi huku Mbooni nanenepa kwa ndizi za shangazi. Jana tulishuka mlima na binamu Syombua kwenda kuoga na kuteka maji mtoni, punda wake akibeba madebe. Thwake sasa ni mchanga mtupu, lazima uchimbe maji. Nikajigamba nitayafikia kwanza, na atakayeshindwa abebe madebe mpaka nyumbani. Nilichimba shimo likanifika kiunoni, hata unyevu sikuona! Syombua alikaa tu, akamfungua punda wake. Punda akanusa, akaparuza mchanga kwa kwato, maji hayo!

“Bingwa, oga haraka ubebe,” akaniambia.

Nilipanda mlima wote na madebe, punda nyuma anatembea mikono mitupu kama mwalimu mkuu. Punda wetu mpe chumvi, umwombe radhi kwa fimbo zangu zote.

Mdogo wako mwenye misuli,
Kioko