Vyuma Juu ya Jamvi la Karafuu

Jumapili, 11 Januari 2026

Bado nikiamka asubuhi nashangaa kumkuta ubavuni mwangu. Mume wangu! Ridha wangu wa Konde, aliyekuja kwenye nikaha na kucha nyeusi. Mimi mikono yangu ina piko, rangi nyeusi ya arusi, yeye grisi. Tukafanana.

Leo kanieleza mpango wote. Ile gari ya mbio ya zamani iliyoko uani, milango miwili, pua ndefu – aliinunua mkweche, kuku wanatagia kitini. Akiifufua ataikodisha kwa harusi. Pemba nzima hakuna bibi arusi aliyepanda gari kama ile. Si fundi, anajifunza kwa video za simu tu, lakini injini kaifungua yote peke yake. Vyuma vimelala juu ya jamvi la kuanikia karafuu, kila kimoja kakiandika namba kwa chaki. Pistoni na tundu lake zimeshazoeana miaka, kasema, huwezi kuzichanganya. Nikamwambia basi ni kama sisi. Akacheka mpaka spana ikamwanguka.

Ila isipowaka kabla ya Ramadhani anakwenda Maskati kuendesha lori kwa ami yake, Bakar. Viza inashughulikiwa. Ridha alimkatalia ami mara moja, hawezi kumkatalia tena. Itawaka. Lazima iwake.

Jumatatu, 19 Januari

Tulikwenda Mtambile kwa wazee wangu, tukalala. Kurudi – ya Rabi.

Mavyaa wangu, Bi Mwanapili, katupokea mlangoni na furaha zake. "Nshakukoshea vyuma vyako, mwanangu. Vichafu vile, wageni wakija kumtazama bibi arusi watasemaje?"

Kavikosha kwa sabuni ya unga na maji ya kisima. Kavianika juani. Kavichambua kama anavyochambua karafuu: vikubwa huku, vidogo kule, vinavyofanana pamoja. Chaki yote imetoka. Vyengine vishaanza kutu.

Ridha kasema, "Ahsante, mama. Vimetakata." Akaenda kisimani kunawa uso, akakaa huko muda mrefu.

Mume gani huyu, Mola wangu! Sijui kama nilimpenda hivi jana. Lakini niliuona mgongo wake pale kisimani, na hofu ikaniingia.

Jumanne, 27 Januari

Tunakisia pistoni ipi ni ya tundu lipi. Anatia pistoni, anazungusha, inakwama, anaitoa, anatia nyengine. Mimi nasugua kutu kwa msasa. Mikono yetu sasa kweli imefanana, piko imekwisha.

Silima, jirani, kaegemea ukuta. "Bwana Ridha, bibi arusi wa kwanza atapanda hiyo keshapata wajukuu."

"Basi ntampakia na wajukuu."

Tukacheka sote. Silima alipoondoka Ridha kanikalia karibu, kasema pole pole: "Mardhiya, mimi sijui ninalolifanya." Hajapata kuniambia hivyo. Duka la vipuri la Unguja lilimjibu tangu juzi. Pistoni za gari hii haziji tena.

Nikashika mkono wake na grisi yake.

Alhamisi, 5 Februari

Kaifunga yote. Haikuwaka.

Jumatatu, 9 Februari

Viza imetoka. Mavyaa kapiga kigelegele, kamwombea mwanawe safari njema. Mimi nikajitia jikoni, moshi ukanisaidia.

Ridha alikula, akarudi kwenye injini.

Alhamisi, 12 Februari

Imewaka. Ramadhani bado wiki moja.

Naandika ndani ya gari, kiti cha dereva, inatetemeka mpaka herufi zinaruka. Moshi wa buluu uani kote, na ndani kitu kinagonga, ko-ko-ko. Mtu hampandishi bibi arusi humu. Lakini inanguruma! Nililia, Ridha akanifuta kwa kitambaa cha grisi.

Ina kabureta mbili, za kuchanganyia hewa na petroli, na lazima zivute hewa sawasawa. Kanipa kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, ya pili kwenye mdomo wa kabureta. Sikiliza hii. Sasa ile. Ya nyuma ilikuwa inavuma zaidi. Kaushika mkono wangu uliokuwa na bisibisi, tukageuza parafujo kidogo, kidogo, mpaka sauti zikalingana. Shavu lake kwenye langu. Malkia gani ana raha hiyo?

Kisha kasema, "Siku ukiwa peke yako, anza na ya mbele."

"Peke yangu kwa nini?"

Kafuta mikono, kidole kimoja kimoja. Simu ikalia. Ami Bakar.

Kaniweka kwenye kiti cha dereva. "Kaa humu. Usiizime mpaka nirudi, Mardhiya. Ikizima, sidhani kama itawaka tena."

Yuko barazani, kanipa mgongo. Sindano ya kipimo cha joto imepita nusu. Nimemwita, injini inameza sauti yangu. Nikiizima, pengine ndiyo basi. Nikiiacha, itaungua.

Nimemwita tena. Kainua kiganja – ningoje. Anaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Ndiyo. Sijui anakubali nini.

Sindano imegusa pekundu. Mkono mmoja uko kwenye ufunguo. Bado anaitikia. Naizima.