Tanuru Lililomsubiri Mgeni Rasmi

Jumamosi, Busunzu. Mvua imeacha mchana huu, ardhi yote ni tope, na mimi sina hamu hata ya kuwasha jiko.

Tanuru letu limekwisha. Tofali zote za shule, zilizofyatuliwa na wazazi kiangazi kizima, zimerudi kuwa udongo kabla hazijaona moto.

Na ni mimi niliyesema tusubiri.

Nimefika hapa kwa njia ndefu. Nilirudi nyumbani Rungwe Mpya na cheti cha ualimu, nikajitolea kufundisha huku nikilima maharage. Ajira ilipotoka nikapangiwa Kakonko, baadaye Kibondo. Wenzangu walipanda vyeo, mimi nikabaki na chaki yangu. Kisha akatafutwa mtu wa kusimamia shule shikizi hii, ambayo wanakijiji waliianzisha wenyewe ili wadogo wasivuke mto kwenda shule mama. Kila aliyetajwa aliumwa ghafla. Mimi nikasema nitakwenda.

Tunafundishia ndani ya kanisa tuliloazimwa. Afisa elimu kata alishatuambia: Januari ikifika bila madarasa ya tofali, watoto wanarudi shule mama. Wakati wa masika mto ule unajaa, na wazazi hawawaachi wadogo wavuke. Wanabaki nyumbani hadi wanazoea kubaki. Nimewafundisha dada zao, najua wanavyoishia.

Tofali zilikuwa zimekauka, tanuru limepangwa, kuni zimejaa kwenye matundu. Tungeweza kuwasha siku ile ile. Lakini kwetu jambo la umma haliwashwi hivi hivi, sharti awepo mgeni rasmi, apigiwe ngoma, ashike kiberiti. Kamati ilipendekeza, mimi nikashangilia kuliko wote. Tukamwalika kiongozi kutoka wilayani. Akaahirisha. Tukangoja. Akaahirisha tena. Mawingu yakaanza kukaa juu ya vilima na wazazi wakaniuliza kama tusiwashe tu. Nikawaambia si adabu.

Adabu gani? Nilitaka anione. Miaka yote nafundisha hakuna mkubwa aliyewahi kusimama mbele ya kazi yangu akasema huyu mwalimu kafanya kitu. Nilishanunua hadi kitambaa cha gauni.

Jana mvua ilikuja na mawe. Turubai tulilofunikia tanuru lilipeperuka mara moja, nyasi zikafuata. Wanaume walikimbia na majani ya migomba, mimi nikakimbia na khanga yangu. Khanga, juu ya tanuru! Upande mmoja ulianza kulainika, kisha tanuru zima likakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka.

Leo asubuhi wazazi walikuja kuangalia. Nilijiandaa kutukanwa. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo limeniumiza zaidi. Walisimama, wakasikitika, wakaondoka kuwahi kupanda mahindi. Mvua ikishaanza hakuna anayefyatua tofali tena, hilo halihitaji kikao.

Mama Yona pekee ndiye aliyebaki. Kiangazi alibeba maji ya kukandia udongo akiwa na mtoto mgongoni, na Yona wake ndiyo kwanza ameanza kusoma maneno mazima.

"None, mwalimu?" aliniuliza. Yaani, sasa je? "Januari Yona nimupeleke wapi?"

Nilimshika mkono tu, kisha nikajifanya naangalia kuni. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyofanya.

Mchana, mvua ilipoacha, ujumbe umeingia kwenye simu kutoka wilayani. Mgeni rasmi amepata nafasi Jumatano. Tuandae ngoma.

Nimeusoma nikiwa nimesimama kwenye tope. Nilitaka kuandika kwamba hakuna tena cha kuwasha, kwamba wamechelewa, kwamba mimi ni mjinga. Vidole vikaandika kilichozoeleka: Karibu sana mheshimiwa, tutakusubiri.

Yeye nimemjibu palepale. Mama Yona bado sijamjibu.